Visigino vya Baba Mkubwa

4 Machi

Kwako Sindano,

Barua yako imefika salama, na picha ndani. Koti jeupe limekukaa, ila mikono yake ni mirefu, aliyekushonea hakukupima. Mama yako ameibandika picha ukutani juu ya redio, na kila mgeni lazima aitazame kabla hajaketi.

Sasa nina shida moja. Wateja wananiuliza, "Fundi, binti yako ni daktari wa nini?" Nasema wa moyo. "Anapasua?" Nasema hapasui. "Anatoa dawa?" Nasema hatoi, anaitafuta. "Kwani imepotelea wapi?" Hapo najifanya nina misumari mdomoni. Niandikie kazi yako kwa maneno ya mtu wa viatu, nipate la kuwajibu.

Huku hakuna jipya. Kibanda changu kiko pale pale juu ya kilima, soli bado zinaisha upande mmoja, na wenye viatu bado wanasema ni fundi aliyekosea. Mimi nimeanza anasa uzeeni: asubuhi nikipanda kwenda kazini nasimama mara tatu kutazama madirisha ya maduka. Kwanza la miwani, kisha la vitambaa, kisha la masufuria. Miaka yote nilipita pale mbio kama nimefukuzwa. Sasa kila sufuria naijua kwa mfuniko wake.

Najua simu ipo. Lakini kwenye simu mnazungumza wewe na mama yako, mimi naachiwa kuaga. Kwa hiyo andika.

Mama yako ameipitia barua hii kwa kalamu yake nyekundu ya ualimu. Makosa yaliyobaki ni ya makusudi.

Baba yako,
Fundi


21 Machi

Baba, shikamoo.

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuuliza kulikoni. Wino mwekundu nimeuona. Umepata saba kwa kumi.

Waambie wateja hivi. Damu hubeba mafuta, yamefungwa kwenye vifurushi vidogo visivyoonekana kwa macho. Yakizidi, yanajipaka kwenye kuta za mishipa. Ile inayolisha moyo ni myembamba, kwa hiyo ikianza kuziba, moyo ndio unaolia. Kuyaondoa ni kazi ya ini. Kila chembe ya ini ina kitu kama mikono kwa nje. Mkono unadaka kifurushi, unakiingiza ndani, unakiacha, kisha unarudi nje kudaka kingine. Mkono mmoja unaweza kwenda na kurudi mara mia.

Sasa kuna protini ambayo jina lake ni herufi na namba tupu, basi sisi maabara tunaiita Mnoko, kama msimamizi anayezidisha ukali kazini. Mnoko anaung'ang'ania mkono usirudi nje, na chembe inausaga pamoja na mzigo wake. Kila mtu ana Mnoko mwilini, ila akizidi bidii mikono inapungua na mafuta yanabaki njiani. Ziko sindano tayari za kumzuia. Sisi tunatafuta kidonge, kitu kidogo cha kujibana pale anaposhikia mkono, akose pa kushika. Nimejaribu michanganyiko mia mbili na kumi. Miwili ilinipa matumaini, na mmoja kati ya hiyo umeshanivunja moyo.

Wako pia watu ambao shida yao ni mikono yenyewe: wamezaliwa na kosa kwenye maagizo ya kuiunda, kosa wanalolirithi kwa baba au mama. Damu yao inajaa mafuta tangu utotoni, hata wakila majani. Hawa ungewatambua wewe kabla ya daktari, Baba. Kano ya nyuma ya kisigino inanenepa kama kamba, kiatu cha kawaida kinawachubua. Wengi huondoka ghafla wakiwa bado vijana. Umewahi kukutana na visigino vya namna hiyo?

Nimefurahi kwamba siku hizi unapumzika njiani. Umejitesa vya kutosha.

Mwanao,
Sindano


9 Aprili

Sindano,

Nauliza kwa niaba ya mteja. Ile habari ya kano, mtu akiwa nayo anaweza kufa na miaka thelathini na minane? Mtu ambaye hajawahi kulazwa hata siku moja? Na anaweza kufa mara tu baada ya kula, bila chakula kuwa na tatizo lolote?

Jibu haraka. Usitume kwa anwani ya nyumbani, tuma kwa sanduku la posta la kibandani.

Fundi


20 Aprili

Baba,

Barua yako haikuwa na wino mwekundu hata nukta. Uliituma peke yako.

Jibu la maswali yote matatu ni ndiyo. Mshipa uliojengeka mafuta kwa miaka mingi unaweza kupasuka ndani wakati wowote: mtu akiwa amelala, akifunga kamba za viatu, akiinuka mezani. Chakula cha saa ile hakihusiki.

Lakini mteja aliyekufa hatumi mtu kumuulizia. Ni Baba Mkubwa, sivyo? Nakumbuka mlikuwa mnamwita Kwato, na nilidhani ni kwa sababu ya kucheza mpira. Niliambiwa alikufa ghafla na mkewe akaenda kwao. Hakuna aliyeniambia zaidi, nami sikuuliza.

Sasa na mimi nauliza, na si kwa niaba ya mteja. Nimeishi na wewe miaka ishirini na sijawahi kukuona peku. Hata bafuni unakwenda na makubazi uliyojishonea mwenyewe, yenye mkanda mpana nyuma. Visigino vyako vikoje? Nenda hospitali wiki hii. Usingoje wiki ijayo.

Sindano


2 Mei

Mwanangu mpenzi,

Leo naandika mimi, na hakuna wa kunisahihisha.

Baba yako amelazwa. Usishtuke, soma mpaka mwisho. Siku ya Jumanne alikuwa anapanda kwenda kazini, akafika duka la vitambaa, akaketi chini kando ya mlango. Mwenye duka alidhani anatafuta kitu kilichodondoka. Alipoona jasho linamtiririka na rangi imempotea, akasimamisha gari la kwanza lililopita. Hospitali wamekuta mshipa mmoja wa moyo umebaki tundu la sindano. Wamempitishia waya kupitia mkononi, wakauwekea kijibomba cha kuutanua. Anaendelea vizuri. Anagombana na wauguzi kuhusu raba zao.

Yale madirisha, mwanangu. Hakuwa anatazama chochote. Kifua kilikuwa kinambana, anasimama mpaka kilegee, na ili watu wasimwone anajifanya anachagua sufuria. Miezi saba. Mimi alinidanganya ni gesi. Jana wewe mwenyewe ulipiga simu, nikiwa nimekaa kitandani kwake, naye akanifinya mkono nikakujibu kwamba hatujambo wote.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nimewafundisha watoto methali hiyo miaka thelathini, na mwenye kuihitaji nimekuwa nikimwekea chai kila asubuhi.

Barua yako ya kibandani niliikuta mfukoni mwa koti lake. Ameisoma mpaka mikunjo imechanika.

Mama


6 Mei

Mama, mpe hii aisome mwenyewe.

Baba, ile barua ya madirisha niliisoma nikacheka. Nina shahada mbili za ugonjwa wa moyo. Mtu anayesimama mara tatu kwenye kilima kimoja, kila siku mahali pale pale, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Mimi nikaandika kwamba nimefurahi unapumzika.

Nimeomba likizo. Wamenipa Agosti. Nimeomba tena.

Kunywa vidonge vyote, hata siku usizosikia maumivu. Hasa siku hizo. Vile vya mafuta vinalifanya ini liote mikono zaidi, na wewe unaihitaji.

Yako mengine, lakini kalamu imekataa.

Sindano


25 Mei

Sindano, mwanangu,

Nimeruhusiwa kukaa barazani na kuandika nusu saa kwa siku, kama mtoto wa chekechea. Hicho kijibomba sikisikii hata kidogo. Jana nilitembea mpaka duka la miwani, kifua kimya. Nikasimama hapo hapo kwa hiari yangu, nikaijaribu miwani moja.

Daktari alikuwa msichana wa umri wako. Akaniambia nivue viatu. Nikamwambia, "Moyo uko juu, mama." Akasema, "Vua, mzee." Akakishika kisigino changu kwa vidole viwili, kisha akawaita wenzake watatu waje kutazama. Fundi viatu, na mimi ndiye niliyekuwa maonyesho.

Sasa nikwambie ambalo sikuwahi kukwambia. Mama yako amelisoma na hakugusa kalamu.

Kaka yangu alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Visigino vyake vilikuwa vinene kiasi kwamba nilimshonea viatu vya nyuma fupi, na watu wakamwita Kwato, naye akicheka. Jioni moja alirudi kazini, akaoga, akala chakula alichopikiwa na mkewe, akainuka kunawa, akashika kifua, akaanguka. Hakuinuka tena. Kabla hatujamzika maneno yalishaiva: amelishwa kitu. Shangazi zako walisema, wajomba zetu walisema, na jirani ambaye hata hakuwepo ndiye aliyeona zaidi ya wote.

Mama Mkubwa wako, huyo mkewe, alikuwa na binti wa miaka mitatu. Akapewa siku moja aondoke. Mimi ndiye niliyembebea sanduku mpaka barabarani. Sikumtukana, na moyoni nilijisifu kwa hilo, kwamba mimi angalau sikumtukana. Tulipofika akanigeukia: "Shemeji, na wewe unaamini?"

Nikaliweka sanduku chini. Nikamwambia, "Gari litafika sasa hivi."

Hayo tu. Miaka ishirini na tisa. Barua yako ya kano ilipofika nilikuwa na kiatu cha mtu mapajani, nikakaa nacho mpaka mwenyewe akaja akakikuta bado.

La mwisho. Umeandika kwamba kosa hili linarithiwa. Daktari naye ameniambia kila mtoto wangu ana nafasi nusu kwa nusu, na ninaye mtoto mmoja. Wewe je, mama?

Baba


10 Juni

Baba yangu,

Ndiyo. Ninayo.

Nimejua tangu mwaka juzi. Maabara ilihitaji damu ya watu wazima wasio na tatizo, ya kulinganishia, nikajitolea kwa kuwa nilikuwa karibu. Siku mbili baadaye mkuu wangu akaniita, akafunga mlango, akaniuliza kama wazazi wangu wote wako hai. Nikamjibu kwa majivuno, "Wote, na wana nguvu kunishinda." Akanionyesha karatasi yangu. Nikaanza vidonge wiki hiyo hiyo, na sasa mafuta yamerudi karibu na ya watu wengine. Mimi ni mzima, Baba. Niamini kwa hili hata kama kwa mengine sistahili kuaminiwa.

Maana sikiliza. Tangu siku ile nilijua kwamba mmoja wenu anayo. Nilikuja likizo nikiwa nimejipanga kuwaambia. Nikakukuta kibandani unapiga nyundo huku unaimba, nikasema moyoni, mtu mwenye moyo mbovu hapigi nyundo hivi. Nikajua pia kwamba ukisikia imetoka kwako utajilaumu maisha yako yote. Nikarudi na maneno yangu kama nilivyokwenda nayo. Ile habari ya visigino sikuiandika bure. Nilikuwa nakuuliza bila kukuuliza, kwa sababu ni rahisi zaidi. Ungekufa mlangoni mwa duka la vitambaa huku mimi nachagua maneno.

Kwa hiyo usinieleze habari ya kunirithisha. Uliponipa hukujua. Mimi nilijua nikanyamaza, na kati yetu wawili mwenye kuomba radhi ni mimi. Nisamehe.

Kuna mtu mwingine asiyejua. Yule binti wa miaka mitatu sasa ana thelathini na miwili. Nafasi yake ni nusu, kama yangu ilivyokuwa, na baba yake aliondoka na thelathini na minane. Hili halingoji Agosti na halifai kwa simu. Daktari akikuruhusu kusafiri, nenda.

Sindano


3 Julai

Sindano,

Kwanza, ulichoomba umeshapewa. Mama yako anasema umepewa tangu ukurasa wa kwanza, ila amekuzungushia kosa moja la herufi ili usivimbe kichwa.

Nimekwenda. Niliuliza ndugu wawili tu, na wa pili alikuwa na namba ya Mama Mkubwa siku zote. Nikamuuliza mbona hakusema. Akajibu, "Nani aliniuliza?"

Ni mpishi wa shule ya bweni. Watoto mia nne wanakula kwa mkono wake mara tatu kwa siku. Nilimkuta jikoni saa nne asubuhi, ameshika mwiko mrefu kama jembe.

"Umezeeka, shemeji."

"Nimezeeka."

"Nani amekufa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamweleza nikiwa nimesimama, kofia mkononi: kisigino changu, kijibomba, wewe, mikono ya ini, yule Mnoko wenu hata nikamchanganya mahali pasipo pake. Nikamwambia Kwato aliondoka kwa ugonjwa aliozaliwa nao, na kwamba siku ile barabarani niliulizwa swali nikalijibu kwa habari za gari. Nikamwomba anisamehe.

Aliuweka mwiko. Akakaa juu ya gunia.

"Unajua," akasema, "kile chakula nimekipika kichwani miaka ishirini na tisa. Mafuta yalikuwa ya chupa mpya. Samaki nilimnunua kwa mtu nisiyemjua, wa zamani hakuwepo siku hiyo. Nyinyi mlisema nilikusudia, na hilo nilijua ni uongo, halikunikosesha usingizi. Lakini mimi nilikuwa najiuliza, labda kweli ni mimi, kwa bahati mbaya. Labda yule samaki."

Sindano, sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Nilidhani tulimnyang'anya nyumba tu.

Akaniuliza kama wewe una hakika. Nikasema ndiyo. Akasema, "Maneno ya mdomo niliyasikia ya kutosha mwaka ule. Mwambie aniandikie. Nataka karatasi." Kuhusu msamaha akasema, "Hilo sijakujibu. Nimekusikia tu."

Dada yako, yule binti wa Kwato, alifika mchana. Anaendesha lori, na ana kicheko cha Kwato kabisa. Alikuwa na ndala. Sikutaka kutazama chini, lakini jicho la fundi halina adabu, na nilichokiona nimekiona. Nilipomaliza kumweleza, alikuwa amekunja mikono. Akauliza, "Kipimo kinachukua dakika ngapi? Nina mzigo wa kushusha."

Tulikwenda pamoja, mimi nikiwa mbele kwenye lori kama bosi. Damu imechukuliwa, ya mafuta na ile ya kutafuta maandishi ya kosa. Majibu atakutumia wewe kwanza.

Baba


12 Agosti

Mama Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa shemeji yako. Mama anasema uliwahi kunilea wiki mbili alipokuwa mgonjwa, na kwamba nilirudi nyumbani nimenenepa nikimkimbia yeye kama vile ndiye mgeni. Umetaka karatasi. Hii hapa, nimeiandika kwa mkono na kuweka sahihi yangu na ya mkuu wangu wa maabara.

Mumeo alizaliwa na ugonjwa. Ulikuwa umeanza kabla hamjajuana. Siku mliyooana mishipa yake ya moyo ilishaanza kujengeka mafuta, na wakati huo hapakuwa na mtu karibu naye, hata daktari, ambaye angejua kutazama visigino vyake na kuelewa. Mlo mmoja hauwezi kufanya kazi ile. Ilichukua miaka thelathini na minane.

Yeye mwenyewe hakupimwa, na wenzangu wameniuliza kwa haki, nina hakika gani? Nimewaonyesha hivi. Dada amenitumia majibu yake, na ameniruhusu nikuandikie kwa kuwa anasema hajui aanzie wapi. Anayo. Ameanza vidonge, na daktari hajakuta dalili kwamba moyo wake umeumia. Tumewahi. Na kosa lake ni lile lile, herufi ile ile moja kati ya maelfu, iliyopatikana kwa Baba na kwangu. Sisi hatuna damu yako hata tone. Dada hakuwa na njia ya kuipata herufi hiyo ila kupitia kwa baba yake. Wenzangu waliisoma, kisha mkuu akachukua kalamu akaweka sahihi.

Jioni ile ulimpikia mumeo chakula, na chakula kilikuwa kizuri. Samaki hakuwa na kosa, wala mafuta, wala wewe.

Nimekuja nyumbani kwa likizo, na haya ya mwisho nayaongezea hapa barazani. Niliinakili karatasi hii mara saba kabla sijasafiri. Moja ni yako. Sita ni za shangazi zangu, wajomba wa Baba waliobaki, na yule jirani, kila moja ina jina la mwenyewe juu. Nilitaka kuzituma kwa posta. Baba amekataa. Ametoka nazo asubuhi hii kwa miguu, amevaa viatu vilivyo wazi nyuma, na anasema kila nyumba atasimama mlangoni mpaka isomwe yote kwa sauti. Mama amekwenda naye, maana wawili kati yao hawajui kusoma na mmoja atajifanya hajui.

Akishamaliza nyumba zote sita atakuja kwako kuuliza tena lile ambalo hukumjibu. Usimharakishie, Mama Mkubwa. Chukua muda wako wote.

Mwanao,
Sindano